Funda Moja la Tarumbeta

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi supamaketi ilifurika watu kama vile vitu vinagawiwa bure. Vitoroli viligongana, watoto walililia biskuti, na kipaza sauti hakikuchoka kutangaza punguzo la sabuni. Katikati ya vurumai hiyo dada mmoja alisimama mbele ya rafu ya bia, amevaa gauni la bluu lenye vidoti vyeupe na raba zilizooshwa zikang'aa, akitoa chupa moja baada ya nyingine kwenye upande uliopigwa na jua la dirishani na kuzipanga kivulini. Mlinzi alikuwa ameshamkodolea macho.

Hakuwa mnywaji mwenye kiu, wala hakuwa mwizi. Alikuwa mpishi wa bia. Ndivyo wenzake kiwandani walivyoiita kazi yake, maana bia hupikwa kwanza kama uji, ndipo itiwe hamira na kuachwa ichachuke. Bia aliyoipika ilikuwa Tarumbeta, na Tarumbeta ikikaa juani huharibika. Akiiona juani, moyo humuuma kama mama aliyemkuta mwanawe anacheza mvuani.

"Samahani, dada yangu. Naomba kupita nifike kwenye maziwa."

Alishtuka hadi chupa ikataka kumponyoka. Sauti ile aliijua. Nani asiyeijua? Nzito, laini, inatoka mbali halafu inakukaa kifuani. Ndiyo iliyotangaza Tarumbeta katika kila redio, kila kinyozi, kila gereji. Akageuka akitegemea kuona pande la mtu. Akakuta mwanamume mwembamba, mwenye miwani na sweta la rangi ya haradali lililochakaa viwiko, ameshika mkate.

"Ni wewe!" akasema.

"Ni mimi nani?"

"Sema 'Ikilia, kazi imeisha.'"

"Hapa? Watu watanipiga."

"Sema, au hupiti."

Mwanamume akatazama kushoto na kulia, akainama kidogo, akasema kwa sauti yake ya redioni, "Tarumbeta. Ikilia, kazi imeisha." Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma yao na kitoroli akapiga makofi. "Ala! Kumbe ndiye huyu? Mwaka mzima naota jitu!"

Wakacheka wote watatu, na dada yule alicheka mpaka akashika rafu.

"Na wewe nani unayepanga bia za watu bila mshahara?" mwanamume akauliza.

"Mshahara ninao. Mimi ndiye ninayezipika."

Akamtazama upya, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hajui afungue au anyamaze. Kisha akatabasamu. "Basi mimi ni debe tu. Wewe ndiye mwenye muziki. Unapenda chai, mpishi?"

Ndivyo ilivyoanza, kwa chai.

Kabla ya mwezi kuandama walikuwa hawalali bila kupigiana simu. Dada yule alimwita Sauti, kama mji mzima ulivyomwita, na Sauti alimwita Mpishi.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Nimekula. Nisomee kitu."

"Nikusomee nini? Nina karatasi ya maelekezo ya jokofu hapa."

"Nisomee hiyo hiyo."

Naye alimsomea jinsi ya kuyeyusha barafu, taratibu, kila neno akilipa heshima yake, mpaka binti wa watu alisikia mwili unamlegea kwa habari za jokofu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: kiwandani walianza kumuuliza kwa nini anaimba akichunguza matangi.

Lakini alikuwa na kidonda cha zamani, nacho ni kwamba kazi yake haikuwahi kupendwa na mtu aliyempenda. Mama yake, mcha Mungu wa kweli, aliwaambia wenzake kwamba bintiye yuko "kiwanda cha vinywaji," na akiulizwa vinywaji gani, hugeuza mazungumzo. Mchumba wake wa kwanza, mwalimu, alimwacha baada ya wazazi wake kusema hawamwozeshi mwana wao mpika pombe. Alisoma kemia akapata alama za juu, akaingia kiwandani mwanamke pekee kati ya wanaume waliomwita "shemeji" kwa kejeli, mpaka wakaanza kumwita "mkuu" bila kejeli. Aliipenda ile kazi: harufu ya kimea kinapochemka, joto la chumba cha mapishi alfajiri, na yale maua makavu ya hopsi yanayoipa bia uchungu wake. "Bia bila uchungu ni juisi," ndivyo alivyowafundisha wageni wa kazi.

Sasa hapa palikuwa na jambo. Sauti, aliyeisifu Tarumbeta mji mzima, hakuinywa. Hakunywa chochote cha namna hiyo. Mezani aliomba chai, soda, maji.

"Tumbo," alisema. "Nina vidonda vya tumbo."

Mara ya kwanza Mpishi alimhurumia. Mara ya pili akamwona anakula pilipili mbichi na maandazi, anajilamba midomo kwa raha, na huruma ikapungua. Siku moja akamwalika kiwandani aone anapofanyia kazi. Sauti alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasalimia walinzi, akaingia hadi mlango wa chumba cha mapishi. Mvuke ulipowajia usoni alisimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Vipi?"

"Joto. Nitakungoja nje, mpenzi."

"Hujaona hata tangi moja!"

"Nitakungoja nje."

Alimngoja kando ya lango, juani, akiwa amekunja mikono. Mpishi alimaliza zamu na kinyongo moyoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini yeye angejuaje kwamba huyu aliumwa? Alichokiona ni kile alichozoea kukiona: mtu mwingine anayempenda yeye na kuona haya kwa kazi yake.

Mwaka ule Tarumbeta ilikuwa inatimiza miaka sitini. Historia yake kila mtu aliijua, kwa sababu Sauti aliisimulia redioni kila asubuhi: mpiga tarumbeta wa bendi ya dansi aliyechoka kucheza kwa ajili ya wengine, akanunua kiwanda kibovu cha sabuni, akapika bia yake ya kwanza katika masufuria ya sabuni, nayo ikatoa povu kuliko bia zote nchini. Alipozeeka kampuni ikauzwa, ikauzwa tena, na wenye nayo sasa waliishi mbali na hawajawahi kuionja. Ila picha ya tarumbeta ilibaki kwenye chupa, na ile hadithi ilibaki redioni, maana meneja wa masoko, kijana mwenye suti zinazombana na meno yasiyopumzika, alisema watu hawanywi bia, wanakunywa hadithi.

Kwa sherehe hiyo uongozi ulitaka bia mpya, na Mpishi ndiye aliyepewa kazi. Nani angeamini? Alijaribu na kumwaga, akajaribu na kumwaga. Alikaanga shayiri mpaka ikakaribia rangi ya kahawa. Mwishowe ikatoka: nyeusi, nzito, chungu mwanzoni na tamu ikishashuka. Katika chumba cha kuonjea mzee wa matangi, asiyesifu hata mkewe, akasema, "Hii ni bia." Wakaiita Tarumbeta Nyeusi.

Jioni ile ile alibeba chupa moja nyumbani, akapika nyama ya kukaanga na wali, akavaa gauni jekundu la mabega wazi ambalo alikuwa hajapata sababu ya kulivaa. Sauti alipoingia alipiga mluzi.

"Leo kuna nini? Nimekuja kula au kuposwa?"

"Kaa. Fumba macho."

Akaimimina glasini, povu likapanda likatulia. "Fumbua."

Sauti aliitazama glasi. Uso wake ulibadilika kama taa iliyokatiwa umeme.

"Ni yangu," Mpishi akasema. "Siyo ya yule mpiga tarumbeta, wala ya kampuni. Ni yangu mimi. Nataka wewe uwe mtu wa kwanza nje ya kiwanda kuionja."

"Hongera, mpenzi. Hongera sana. Lakini unajua tumbo langu..."

"Funda moja."

"Siwezi."

"Funda moja haliui mtu!"

"Mpishi, tafadhali."

Basi kile kidonda kikapasuka. "Sema ukweli. Unaona haya. Kuiuza kwa mdomo unaweza, unalipwa, lakini kunywa iliyopikwa na mikono yangu ni najisi. Kama mama yangu. Kama yule mwalimu. Nilidhani wewe ni tofauti, kumbe ni sauti tu!"

"Usiseme hivyo."

"Kama unanipenda, niheshimu. Kama huniheshimu, mlango ule pale."

Sauti alitazama mlango. Vidole vyake vilizunguka ukingo wa meza. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema neno, akalitafuta, akalikosa, yeye ambaye riziki yake ni maneno. Kisha akaichukua glasi akanywa funda moja. Akafumba macho.

"Enhe?" Mpishi akauliza, machozi bado yako shavuni.

"Ni nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, ni nzuri mno."

Akaimaliza glasi. Akaomba iliyobaki chupani. Mpishi akammiminia mwenyewe, anacheka, anamkalia mapajani, anambusu povu mdomoni. Hakuwahi kuwa na furaha kama ya jioni ile, na hakuna jioni ambayo baadaye aliionea aibu zaidi.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Simu za usiku zikaanza kuchelewa, kisha zikakosekana. Sauti akipatikana, alikuwa mchangamfu kupita kiasi, au mkali bila sababu.

"Uko wapi, mpenzi? Nimekungoja sinema nzima."

"Nilisema nakuja. Unanihesabia hatua?"

"Sijakuhesabia. Nimekuuliza."

"Basi nimejibu."

Studio walilalamika kwamba hatokei kurekodi. Mpishi alidhani yupo mwanamke mwingine. Akapekua mifuko ya koti lake kutafuta harufu ya manukato, akakuta vizibo vya chupa, akashusha pumzi. Alifurahi! Kumbe anakunywa tu, akajiambia, tena anakunywa Tarumbeta. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mapenzi yana kitambaa chake cha kufunga macho.

Sherehe ya miaka sitini ilifanyika uwanjani mwa kiwanda, mchana kweupe, penye mahema meupe, bendi na wageni wenye tai. Mpishi alikaa mstari wa mbele na mama yake. Ndiyo, mama alikubali kuja, amevaa nguo yake ya ibada, amekumbatia mkoba kifuani, na bintiye aliona huo ni muujiza. Sauti aliitwa jukwaani aisimulie historia ya Tarumbeta kwa mdomo wake, moja kwa moja.

Alipanda akiwa amevaa suti ya kijivu ya kuazima. Alikanyaga vibaya ngazi ya mwisho, watu wakaguna. Akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika nguzo.

"Palikuwa na mpiga tarumbeta," alianza, na uwanja ukatulia, maana hata akiwa vile, sauti ilikuwa sauti. "Alipika bia kwenye masufuria ya sabuni. Mnaijua hiyo. Mnajua alivyokufa? Redioni siruhusiwi kuwaambia. Macho yalimgeuka manjano. Tumbo lilimvimba kama pipa. Alikufa anaomba funda moja, moja tu, na wanawe walimnyima, halafu wakauza kiwanda." Akacheka. "Tarumbeta! Ikilia..."

Meneja wa masoko alikuwa ameshampokonya kipaza sauti, meno yote nje. Baadhi ya wageni walicheka wakidhani ni utani wa sherehe. Bendi ikaamriwa ipige. Mama akasimama, akajifunga mtandio, akamwambia bintiye bila ukali, "Twende, mwanangu. Nimeona." Neno hilo moja lilimchoma kuliko matusi.

Alimpigia Sauti kabla hajafika nyumbani.

"Umenidhalilisha! Siku yangu moja, mbele ya mama yangu! Umelewa kama mbwa!"

"Mpishi..."

"Usiniite hivyo. Usinipigie tena."

Naye hakupiga tena.

Aliyekuja ni dada yake Sauti. Alisimama lango la kiwanda wakati wa kubadilisha zamu, mwanamke mrefu aliyevaa sare za uuguzi na koti juu yake, ana miwani kama ya kaka yake.

"Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kukujulisha kwamba ndugu yangu amelazwa. Tulimwokota stendi. Alikuwa ameacha pombe miaka minne. Miaka minne, mama! Tulimtoa kwenye mitaro, tukamkausha kama nguo. Halafu wewe ukamwekea glasi mezani."

Mpishi alishika chuma cha lango. "Hakuniambia. Wallahi hakuniambia. Alisema tumbo."

"Angekuambia vipi? Sote tunamtazama kama mgonjwa. Tunamnusa akiingia. Alitaka angalau mtu mmoja duniani asimnuse."

"Na kazi ya matangazo? Kwa nini mlimwacha aitangaze bia?"

Dada mtu alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nani mwingine alimpa kazi? Aliniambia: dada, iliniibia kila kitu, wacha nayo inilishe kidogo." Akafunga vifungo vya koti. "Kwangu huna kosa. Hukujua. Ila na mimi siwezi kukupenda."

Nyumba ya matibabu ilikuwa nje kidogo ya mji, jengo la ghorofa moja lenye kuta za kijani na ua uliofagiwa ukafagiwa tena. Mwanzoni walimkatalia Mpishi kumwona. Alirudi, wakamkatalia. Aliacha machungwa, sabuni, soksi. Mvua za mwanzo ziliponyesha ndipo muuguzi alipomwambia, "Ameomba yeye mwenyewe."

Alimkuta nyuma ya jiko anasuuza sahani, amekonda, amenyolewa nywele, aproni ya plastiki inamfika magotini. Mpishi alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yote yakamtoroka. Alimkimbilia akamkumbatia na povu lake la sabuni, wakalia kama watoto waliopotea sokoni wakaonana.

"Nisamehe," Mpishi alisema. "Nisamehe, nisamehe."

"Wewe umekosa nini? Mkono ulioinua glasi ni huu wangu."

"Nilikulazimisha."

"Ulinipa chaguo. Nilipaswa kusema maneno matatu tu, mimi ni mlevi, nikaona aibu." Akajipangusa macho kwa kiwiko. "Niliogopa utanitazama kama unavyonitazama sasa."

"Nakutazamaje?"

"Kama chupa iliyoachwa juani."

Wakacheka, kicheko kibichi cha watu waliotoka kulia, wakakaa kwenye benchi. Sauti alimwambia atatoka karibuni. Mpishi alimwambia amemkumbuka mno. Akalaza kichwa begani mwa Sauti. Kama mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi nyingine.

Lakini Mpishi aliusikia mwili wa Sauti unakakamaa. Sauti alikiinua kichwa cha Mpishi taratibu, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

"Nini?"

"Umetoka kazini?"

"Nimeoga. Nimebadilisha nguo."

"Iko kwenye nywele," alisema. "Kimea. Nanusa kiwanda kizima. Nakukumbatia, na mate yananijaa mdomoni, na sijui kama ni wewe ninayekutaka au ni hiyo."

Mpishi akaibana mikono yake makwapani, kama mtu aliyeambiwa ananuka.

"Nataka kukuoa," Sauti alisema. "Nilitaka nikuambie leo. Nimewaza usiku na mchana nitakavyosema, na sasa nauliza tofauti. Ungeweza kuiacha ile kazi?"

Angejibu ndiyo papo hapo, yangekwisha. Alimpenda kwa moyo wote, wala hapa pasiwe na shaka. Lakini akaiona Nyeusi ikitoka tangini, akamsikia mzee wa matangi akisema hii ni bia, akakumbuka wanaume waliomwita mkuu, na yale maisha yake yote ambayo watu walimtaka ayaombee radhi. Akavuta pumzi ajibu. Pumzi ile ilikuwa ndefu.

Sauti aliisikia. Alikuwa mtu wa studio; alijua uzito wa kimya.

"Basi," akasema kwa upole. "Nimekusikia."

"Sijasema kitu!"

"Najua, mpenzi."

"Nipe muda nifikirie. Nitaacha. Kwa ajili yako nitaacha!"

"Ukiacha kwa ajili yangu, kila siku utaniangalia uone kama nilistahili. Siwezi kubeba hiyo na hii nyingine pamoja." Akasimama, akamwinua, akamshika mikono kwa mbali, jinsi mtu anavyoshika sufuria ya moto. "Nenda, Mpishi. Una zamu kesho."

Alikwenda. Alidhani angemrudia. Alipiga simu, dada mtu akapokea: ametoka, anaendelea vizuri, anaomba asitafutwe. Kampuni ikampata kijana mwingine wa redio, sauti tamu isiyokaa popote. Mpishi akapandishwa cheo akawa mkuu wa chumba cha mapishi. Mama yake alimpongeza kwa simu, kwa neno moja.

Tarumbeta Nyeusi haikufikisha mwaka wa pili. Kampuni iliuzwa kwa mara ya tatu, na wenye mali wapya wakasema bia inayochelewa tangini ni hasara. Wakaifuta. Meneja wa masoko alileta habari hiyo akiwa bado anatabasamu, maana ndivyo uso wake ulivyoumbwa. Mpishi aliomba afungue bomba yeye mwenyewe. Bia yake ikashuka kwenye mfereji wa sakafu, nyeusi, povu lake likimzunguka miguuni, na vijana wa zamu wakatazama pembeni.

Alikaa kwenye ngazi za nyuma akapiga namba aliyoambiwa asiipige.

"Haloo?"

Ilikuwa ile ile. Alifumba macho. "Ni mimi."

"Mpishi." Hakukasirika. "Hujambo?"

"Wameifuta Nyeusi. Nimeimwaga sasa hivi. Sikujua nimwambie nani."

Akasikia pumzi upande wa pili. "Pole. Pole sana. Ilikuwa nzuri, nakwambia mimi niliyeilipia."

"Unafanya nini siku hizi?"

"Nasomea watoto masomo redioni. Hesabu, jiografia. Sinywi."

"Nashukuru Mungu." Akajikaza. "Ungeniuliza tena lile swali, leo nisingevuta pumzi."

Kimya kikakaa kati yao, na safari hii Mpishi ndiye aliyekisikia uzito wake.

"Siulizi," Sauti alisema. "Nyeusi umeshaimwaga; leo huna cha kuacha."

Wakaagana kwa adabu, kama ndugu wa mbali msibani. Mpishi alikaa kidogo na simu mkononi, kisha akavaa tena buti zake za mpira, akavuta brashi ndefu na ndoo ya maji ya moto, akaingia ndani ya tangi kulisugua, maana asubuhi lilitakiwa lipokee bia nyingine.